Tulikwenda Kumwona Mtoto Mmoja

Hotuba iliyosomwa katika sherehe ya Siku ya Uhuru, Ibra



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Ibra, pamoja na wenzetu waliotoka Sur na Nizwa, kuadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Tumeombwa tueleze safari yetu ya Tabora, tulikokwenda kuiona familia ya mtoto tunayemsomesha.

Watoto wetu, Tabora na Ibra zinajuana zamani. Katika karne ya 19 watu wa Sharqiyah walipanda majahazi kwa upepo wa kaskazi hadi Unguja, wakavuka Bagamoyo, kisha wakatembea kwa miguu mpaka Tabora. Misafara ile ilirudi na pembe za ndovu, na watumwa pia, hilo hatuwafichi. Tabora hiyohiyo ndiko Mwalimu Nyerere alikosoma sekondari. Alipoongoza nchi alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini.

Nasi, familia sita, tulikubaliana kuchanga rial tano kila mwezi kwa ajili ya binti mmoja yatima anayelelewa na bibi yake kijijini. Ada za shule za serikali zilifutwa, za msingi mwaka 2002, na za sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Lakini sare, viatu, madaftari na taa ya kusomea bado ni juu ya mzazi. Kila muhula binti alituandikia barua ya shukrani. Sisi tulimjibu asome kwa bidii, na tukaomba risiti.

Mwezi wa Juni shule zilipofungwa, tulikwenda wakubwa wanne na watoto watatu. Tulipanda treni Dar es Salaam, tukakodi gari Tabora mjini, na mwisho tukatembea, maana gari lilikwama mchangani. Bibi alitupokea chini ya mwembe. Watoto wetu walimpa mkono wakanyamaza. Bibi akaushika mkono, akangoja. Yule binti ndiye aliyewanong'oneza, "Semeni shikamoo." Wakasema. Bibi akacheka, "Marahaba, wajukuu zangu."

Tulitoa begi, viatu, tende za Ibra na halwa ya Nizwa. Binti akasimama kusoma barua ya shukrani, mikono inamtetemeka. Bibi akamwambia, "Kaa, mama. Wageni hawajala." Tukala ugali kwa kuku, na matobolwa.

Baada ya kula bibi akasema, "Wanangu, nina neno, msinikasirikie. Madaftari mliyoleta ni ya mmoja, nami nina wajukuu wanne. Nimeyagawa. Na vile viatu vya mwaka jana huvaa mwenye mtihani."

Binti akainamisha kichwa. Katika barua zake hakuwahi kulitaja hilo, kwa kuogopa tutaacha kutuma. Tukazikumbuka zile risiti.

Mmoja wetu akauliza, "Bibi, mbona hukutuambia mapema?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mkimwandikia mtoto."

Ndugu zetu, tuliona haya. Bibi alifanya walilofanya mama zetu, kumega chapati moja mara nne. Sisi tuliijua nafasi ya binti darasani, wala hatukujua jina la kaka yake, anayechota maji ili mdogo wake awahi shule.

Tangu siku ile mchango unakwenda kwa nyumba nzima. Kila mwanzo wa mwezi tunampigia bibi simu, tunauliza kwanza panahitajika nini. Barua za shukrani tumezisamehe. Binti akitaka kuandika, atuandikie habari zake. Na picha ya mtoto aliyeshikishwa zawadi hamtaiona katika jarida hili.

Tulipoaga, bibi alitupa chupa mbili za asali. Tulisita kuzipokea. Akasema, "Mkikataa changu, na mimi nitakataa chenu." Asali hiyo ipo pale mezani, kila mtoto aonje kabla ya kuondoka.

Wazazi, zungumzeni Kiswahili nyumbani. Sisi tunazeeka, na bibi anazeeka. Hawa watoto ndio watakaopigiana simu na wale wanne, na shikamoo isiwe ya kunong'onezwa.

 Heri ya Siku ya Uhuru.