Mtungi Usio na Maji



Nimeombwa niseme machache juu ya mwalimu wa kuchora: jinsi aingiavyo katika kazi hiyo, na jinsi akuavyo ndani yake. Mimi naliingia kwa dirishani. Nalipofika shule yangu ya kwanza, katika wilaya ya Kisarawe, mwalimu mkuu aliuliza ni nani kati yetu mwenye mkono mzuri wa kuandika mabango. Nikanyosha wangu. Jumatatu iliyofuata nikakuta jina langu limekwisha andikwa katika kipindi cha kuchora, wala hapana aliyeuliza kama naweza kukifundisha.

Basi nalifanya kama nilivyofanyiwa utotoni. Nalichora mtungi ubaoni kwa chaki, na watoto wakaunakili. Watoto 45, mitungi 45, na yote ilikuwa mtungi wangu mimi. Aliyeukaribia zaidi ndiye aliyepata maksi nyingi. Msichana mmoja alichora mama amejitwika mtungi. Shingo ya yule mama aliifanya ndefu kupita kiasi, na matone yalikuwa yakimwangukia begani. Nikapiga msalaba kwa wino mwekundu. Akasimama, akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu, mtungi wa ubaoni hauna maji." Nikamwamuru akae kitako, maana nalidhani ni ujuvi.

Mwaka ule ule nalikwenda kijiji kimoja upande wa Maneromango kutafuta mbao, nikamkuta mzee wa Kizaramo akichonga mwana hiti. Kwa wasiomjua, huyo ni mwana wa mti, hana mikono wala miguu, na nywele zake zimechongwa mafungu mawili juu ya kichwa. Zamani mwali alipotiwa ndani alipewa amtunze kama mtoto wake. Yule mzee alikuwa akimfundisha mjukuu wake. Alimtia mkononi mwana hiti wa kale, akamwambia afumbe macho ampapase. Alipokwisha, alimnyang'anya, akamfunika kwa kitambaa, ndipo akampa tezo na kipande cha mti.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona umemficha? Atamwigaje asiyemwona?"

Akacheka. "Mwanangu, akimtazama atachonga wangu. Na mti huu una fundo lake, wangu haukuwa nalo."

Sisemi kwamba kuiga ni kubaya. Mtoto yule alikuwa amekwisha iga ushikaji wa tezo siku nyingi, hata mkono wake ukawa kama wa babu yake. Lakini narudi nyumbani jioni ile na mbao zangu juu ya baiskeli, nalikuwa nafikiri habari za shingo ndefu. Anayejitwika mtungi uliojaa hujisikia shingo kuwa ndefu hivyo.

Miaka ilipopita nalisoma habari za Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha kuchora barazani kwake Kampala mwaka 1937. Shule ya sanaa ya Makerere hata leo ina jina lake. Yeye naye alikuwa amefunzwa London na Bibi Marion Richardson, ambaye hakuwawekea wanafunzi kitu cha kunakili. Aliwasimulia mahali kwa maneno, nao wamefumba macho, kisha wakachora walichokiona moyoni. Niliposoma hayo nalimkumbuka mzee wangu wa kule Maneromango, ambaye hakupata kufika London.

Katika mikono ya Bibi Trowell alipita Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, akawa mwalimu pale pale Makerere. Alikwenda kusoma katika shule ya Slade, London, tangu 1952 hata 1955, na akaendelea kuchora migomba, mlima na watu wa kwao wakifanya kazi. Wako waliomlaumu kwamba hakufuata kanuni za karibu na mbali. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York.

Siku hizi nafundisha walimu wanafunzi, na wengi hufanya mazoezi katika shule za Kibaha na Kisarawe. Hulalamika kwamba hakuna rangi. Nawaambia vilima vya Pugu vina udongo mweupe; uchujwe, uchanganywe na uji mwepesi wa muhogo, nao hushika vizuri juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Makaa yamo jikoni. Kisha nawakataza chaki. Mwalimu na asimulie mvua inavyoshuka ghafula pale Maili Moja, Kibaha, na muuza machungwa anavyokimbia na karai lake kichwani, halafu anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Taabu yangu mpaka leo ni maksi. Picha 45 zisizofanana nizipimeje? Hukaa nazo hata usiku, na mara nyingine naona haya kuandika tarakimu yo yote.

Nalirudi shule ile kulitafuta daftari la yule msichana. Madaftari ya zamani yalikuwa yamekwisha uzwa kwa wauza karanga. Wanafunzi wangu huniuliza jina lake. Nalikumbuka sana, lakini sitalitaja hewani, pengine anasikiliza.