Maumivu ya Chuchu katika Wiki za Kwanza za Kunyonyesha: Chanzo, Huduma na Nafasi ya Kaya

Mada ya semina kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kata ya Mgori, Mkoa wa Singida

1. Maumivu na siku zake

Maumivu ya chuchu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wanawake wapunguze kunyonyesha au wawaanzishie watoto vyakula vingine mapema. Huanza siku ya kwanza au ya pili baada ya kujifungua, hupanda kati ya siku ya tatu na ya saba, kisha hupungua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2014 yalionyesha kwamba kwa wanawake wengi maumivu hubaki kidogo tu ifikapo siku ya 7 hadi ya 10 tangu kujifungua, dawa yoyote iliyotumika.

Mpangilio huo wa siku una uzito wake katika kata ya vijijini kama Mgori. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Hudhurio la saa 48 hadi 72 ndilo lililo karibu zaidi na siku zinazouma, na ndilo jepesi kukosekana pale zahanati ilipo mbali na mama bado ana uchovu wa uzazi. Basi anayemwona mama siku hizo ni mama mzazi, mama mkwe, wifi, jirani, au mhudumu wa afya wa kijiji. Ujuzi wa kutibu chuchu usipofika kwa watu hao, humfikia mama akiwa amekwisha kuumia.

2. Jinsi chuchu inavyoumia

Mtoto hanyonyi chuchu, hunyonya titi. Akishika vizuri, hujaza mdomo kwa chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayoizunguka. Chuchu hurefuka hadi karibu na kaakaa laini, nyuma ya mdomo, mahali ambapo haisuguliwi. Ulimi hukanda titi kutoka chini, na maziwa hutoka kwa wingi.

Akishika ncha tu, chuchu husagwa kati ya ulimi na kaakaa gumu. Ngozi huwa nyekundu, kisha huchubuka, kisha hupasuka na kutoa damu. Wakati huohuo maziwa hutoka kidogo. Mtoto hukaa titini muda mrefu, hulia akitolewa, hudai tena baada ya muda mfupi, na kila akirudi huongeza jeraha. Mama mwenye maumivu naye huchelewesha kunyonyesha, titi hujaa na kukaza, chuchu hulala, na mtoto hupata shida zaidi kushika. Wengi husema mtoto ana njaa kwa sababu mama hana maziwa, ilhali maziwa yapo na kilichokosekana ni mshiko.

Kuhisi chuchu ikiuma kidogo kwa nusu dakika au dakika moja mtoto anapoanza kunyonya, katika siku za mwanzo, ni jambo la kawaida. Maumivu yanayodumu tangu mwanzo wa kunyonyesha hadi mwisho, yanayoacha jeraha, au yanayoendelea kupita wiki mbili, yana chanzo kinachopaswa kutafutwa. Kumwambia mama avumilie kwa kuwa ndivyo uzazi ulivyo ni kumnyima tiba.

3. Kumtazama mama akinyonyesha

Kabla ya dawa yoyote, mhudumu amtazame mama akinyonyesha tangu mwanzo hadi mtoto anapoachia titi. Mambo manne huangaliwa katika upakataji: kichwa na mwili wa mtoto viko katika mstari mmoja, tumbo lake limegusana na mwili wa mama, uso wake umeelekea titi, pua mkabala na chuchu, na mwili wote umeegemezwa, si shingo na mabega pekee.

Mambo mengine manne huangaliwa katika mshiko: mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na ngozi nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Mtoto anayenyonya vizuri huvuta polepole na kwa kina, hupumzika kidogo, na sauti ya kumeza husikika. Mashavu yanayobonyea ndani na mlio wa kubofyabofya ni dalili za mshiko mbaya.

Chuchu yenyewe hutoa ushahidi mtoto anapoachia. Ikitoka ikiwa ya mviringo, haikubanwa. Ikitoka imebapa, imechongoka upande mmoja, au ina mstari mweupe kwenye ncha, ilikuwa ikibanwa.

4. Kurekebisha mshiko

Mama akae mahali anapoweza kuegemea, kwa mfano kwenye mkeka mgongo ukiwa ukutani. Anayekaa kwenye kigoda bila egemeo huinama ili kumpelekea mtoto titi, na mtoto huning'inia kwenye ncha. Mtoto ndiye apelekwe kwenye titi. Kanga au blanketi lililokunjwa chini yake humnyanyua kufikia kimo kinachofaa. Mtoto aliyeviringwa nguo nyingi hawezi kusogea karibu. Ni vizuri nguo za mbele zifunguliwe, kisha mama na mtoto wafunikwe pamoja.

Chuchu iguse mdomo wa juu wa mtoto, na mama asubiri hadi mdomo ufunguke kama wa anayepiga mwayo. Hapo amvute mtoto kwa haraka, kidevu kikitangulia, chuchu ikielekea kaakaa. Vidole vinavyoshika titi vikae mbali na ngozi nyeusi. Maumivu yakiendelea baada ya dakika moja, mtoto asivutwe kwa nguvu. Mama aingize kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, alegeze mnyonyo, amtoe, kisha aanze upya. Kurudia mara kadhaa si kosa. Mtoto na mama wote wanajifunza.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au anayeumwa akikaa, anaweza kulala ubavu, mtoto akimwelekea tumbo kwa tumbo. Mtoto pia anaweza kupakatwa kwapani, miguu ikielekea nyuma ya mama. Kubadili mkao hubadilisha mahali panapobanwa, na jeraha hupata nafasi ya kupona.

Titi lililokaza hulainishwa kwanza. Maziwa kidogo hukamuliwa kwa mkono hadi ngozi nyeusi iwe laini, ndipo mtoto apewe. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla ya kunyonyesha husaidia maziwa kutoka, na kitambaa cha maji baridi baada ya hapo hupunguza uvimbe.

5. Kutunza chuchu iliyojeruhiwa

Mshiko ukirekebishwa, jeraha hupona huku kunyonyesha kukiendelea. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kupunguza idadi hiyo hakuponyi chuchu, kwani mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu zaidi. Aanzie titi lisilouma sana, au mama akamue kidogo ili maziwa yaanze kutiririka kabla ya mtoto kushika.

Mwisho wa kunyonyesha, matone machache ya maziwa ya mama hupakwa kwenye chuchu na kuachwa yakauke kwa hewa. Kuosha chuchu kwa sabuni kila mara hukausha mafuta ya asili ya ngozi. Kuoga mara moja kwa siku kunatosha. Nguo za pamba zinazopitisha hewa ni bora, na kitambaa kilicholowa kibadilishwe. Mapitio ya Cochrane yaliyotajwa hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mafuta maalumu ya chuchu yanashinda maziwa ya mama au kuacha chuchu bila kupaka kitu. Mama wa kijijini asiyemudu mafuta hayo hajakosa tiba.

Maumivu yakiwa makali mno, mama anaweza kumeza parasetamoli kwa kipimo cha kawaida, na maziwa yakakamuliwa kwa siku moja au mbili na mtoto kunyweshwa kwa kikombe kisafi. Chupa na chuchu bandia havifai, kwa kuwa humzoesha mtoto mnyonyo mwingine na kuharibu mshiko. Mtoto akitapika maziwa yenye damu iliyotoka kwenye chuchu iliyopasuka, damu hiyo haimdhuru, ila kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, kama inavyoelezwa katika sehemu ya saba.

Kuhusu asali, onyo ni la lazima. Singida ni mkoa wa asali, na Msitu wa Mgori ni makao ya nyuki. Asali husifiwa kwa kuponya vidonda, na ni rahisi mtu kufikiria kuipaka kwenye chuchu. Isipakwe kamwe. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulismu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto hadi ile ya kupumulia. Mtoto wa chini ya miezi 12 hapaswi kuilamba hata kidogo. Majivu, unga wa mizizi na dawa za majani pia visipakwe mahali mdomo wa mtoto unapogusa. Mafuta ya alizeti hayana hatari hiyo, lakini huifanya chuchu iteleze na mtoto ashindwe kushika.

6. Maumivu yenye chanzo kingine

Maumivu yanayoanza upya baada ya wiki kadhaa za kunyonyesha vizuri, yakichoma hata mtoto akiwa ameachia titi, yanaweza kuashiria fangasi. Ngozi ya chuchu hung'aa au hubanduka, na kinywani mwa mtoto huonekana utando mweupe usiofutika. Mama na mtoto hutibiwa pamoja kituoni. Akitibiwa mmoja, huambukizana tena.

Jeraha la chuchu ni mlango wa bakteria. Titi likiwa na sehemu ngumu, nyekundu na yenye joto, na mama akawa na homa na kutetemeka, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Aendelee kunyonyesha au kukamua titi hilo, kwani maziwa yakibaki ndani ugonjwa huongezeka na jipu linaweza kutunga.

Baadhi ya watoto huzaliwa na kamba fupi chini ya ulimi, hivyo ulimi haufiki mbele. Ikiwa mshiko umerekebishwa mara kadhaa bila nafuu, mtoto akaguliwe na mtaalamu. Kukata ulimi au kimeo nyumbani kunaweza kuleta kutokwa damu na maambukizi yanayoua.

7. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI

Chuchu inayotoa damu huongeza uwezekano wa virusi kumfikia mtoto. Mama huyu asiache dawa zake hata siku moja, na mtoto aendelee na dawa za kinga. Anyonyeshe titi lisilo na jeraha. Lenye jeraha likamuliwe mara kwa mara na maziwa yake yamwagwe hadi lipone. Matiti yote mawili yakiumia, aende kituoni mara moja kupata ushauri wa namna ya kumlisha mtoto. Mhudumu anayemtembelea atunze siri yake, na ushauri huu autoe wakiwa wawili tu.

8. Nafasi ya kaya na kijiji

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika utafiti wa 2015–16. Wasionyonya maziwa ya mama pekee bado ni wengi, na maumivu ya wiki ya kwanza ni mojawapo ya njia ambazo maji na uji wa mtama au uwele huingia kabla ya wakati. Hata katika joto na ukavu wa Singida mtoto hahitaji maji: takribani asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Anayepata maziwa ya kutosha hukojoa angalau mara sita kwa siku kuanzia siku ya tano, na hurudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili.

Yafuatayo yanapendekezwa kwa vijiji vya kata:

- Kila mjamzito aonyeshwe upakataji na mshiko kliniki, akiwa na mwanamke atakayemuuguza baada ya kujifungua.
- Kabla ya kuruhusiwa, mama aonwe akinyonyesha angalau mara moja, na chuchu ikaguliwe baada ya mtoto kuachia.
- Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee nyumbani siku ya tatu, na tena kabla ya siku ya saba ikiwa kuna jeraha.
- Mume na wakwe wampunguzie mama kuchota maji, kutafuta kuni na kulima, hasa mtoto anapozaliwa msimu wa palizi, ili apate muda wa kumweka mtoto titini bila haraka.
- Mama mwenye homa, usaha au titi gumu lenye joto, au mtoto anayekojoa kidogo na kulegea, apelekwe kituoni bila kusubiri tarehe ya kliniki.