Ujuzi Nao Una Msaragambo Wake
Maneno ya vijana wa fani ya kompyuta kwenye mkutano mkuu wa wana-Upare waishio Dar es Salaam



Wazee hutuuliza: "Kazi hizi za kompyuta mlizipataje?" Vyeti tunavyo, lakini wengi wetu tulizunguka navyo mjini muda mrefu bila kazi. Kilichotufungulia mlango ni kukutana kila Jumamosi kufundishana. Aliyejua kutengeneza tovuti aliwaonyesha wenzake, aliyejua kupanga takwimu vivyo hivyo. Ukisimama kufundisha, unalazimika kulielewa jambo hadi mzizi wake. Na watu wakishaona unachoweza, kazi ikitokea wanakutaja.

Njia hii hatukuibuni sisi. Mwaka 2015 ulianza hapa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita mitaani pamoja na wakazi wakiandika majengo, njia na mitaro. Kazi yao iliingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004 na inayojengwa na watu wa kujitolea. Mwanafunzi aliondoka na ujuzi, mtaa ukabaki na ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia.

Sasa twende nyumbani. Hapa tuna kosa la kukiri. Tulipeleka kompyuta kwenye shule moja ya kata, tukapiga picha, tukarudi mjini. Likizo ya Desemba tulizikuta zimefunikwa vitenge, na mbili tu ndizo zilizowaka. Mwalimu alitwambia kwa upole: "Hakuna aliyetufundisha kuzitumia, nasi tuliogopa kuziharibu." Hatukuwa na la kujibu.

Wote tunajua: asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha ndiva hana uso wa kudai zamu ya maji. Sisi tulidai sifa kabla ya kushika jembe.

Mwaka huu kila mmoja wetu atatoa wiki moja ya likizo yake kufundisha, walimu kwanza, wanafunzi baadaye. Walimu watabaki na namba zetu za simu, watupigie wakikwama. Nauli na chakula tutajilipia wenyewe.

Tunachowaomba ninyi ni kile tusichokiweza peke yetu: paneli za umeme wa jua na betri zake, vipuri vya kuzifufua kompyuta zile zile, na bando la intaneti la mwaka mmoja. Kompyuta mpya hatuombi hata moja.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Hakuna kiasi kidogo. Na mwenye kijana aliyemaliza chuo na yuko tu nyumbani, amlete Jumamosi. Aje na daftari. Baada ya miezi michache tutamwomba naye asimame mbele afundishe.