Mwenye Mamlaka Huulizwa na Nani?
Mhadhara wa umma kuhusu sheria ya katiba, Mabawe, Ngara



Vitabu vingi vya sheria ya katiba huanzia Uingereza, mwaka 1215, pale makabaila walipombana Mfalme John mpaka akaikubali Magna Carta. Kisha huvuka kwenda Marekani mwaka 1787 na Ufaransa mwaka 1789. Sisi tunatokea kurasa za mwisho, mwaka 1961, tukipokea katiba mikononi mwa Mwingereza. Sina ugomvi na tarehe hizo. Ila mtoto wa Ngara akifundishwa hivyo tu, atadhani kumwekea mtawala mipaka ni bidhaa iliyoshushwa melini.

Kabla ya Wajerumani, Bugufi, sehemu ya Ngara hii yetu, ilikuwa chini ya mwami, yaani mfalme, wa Burundi. Katika utamaduni ule kulikuwa na bashingantahe, wazee waliosimikwa baada ya mwenendo wao kuchunguzwa kwa muda mrefu. Waliamua kesi na kusuluhisha wagomvi, fimbo mkononi, na walitarajiwa kusema kweli hata pale kweli hiyo ilipomchoma mkubwa. Hapo ndipo penye mzizi wa somo letu: mwenye nguvu kujua kwamba yupo mtu mwenye haki ya kumwambia, hapa umekosea. Lakini tusiipambe mila hiyo kupita kiasi. Mwanamke hakuwa mshingantahe kwa nafsi yake, na hapakuwa na chombo cha kufuta amri ya mwami aliyeamua kuziba masikio.

Wakoloni walikuwa wabaya zaidi kwa hilo. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana mpaka. Burundi ikaenda kwa Wabelgiji, Bugufi ikabaki Tanganyika. Wenye mashamba hawakuulizwa.

Uhuru ukaja, na hapa naomba tutulie kidogo, maana watu hudhani uhuru na ukatiba ni kitu kimoja. Katiba ya 1961 haikuwa na orodha ya haki za raia. Serikali ya TANU iliikataa orodha hiyo ikihofia kwamba majaji, ambao karibu wote walikuwa wageni, wangeitumia kukwamisha mipango ya maendeleo. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini mwaka 1962, mwaka ule ule tulioandika Katiba ya Jamhuri, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na ndani yake likaandika kwamba amri ya Rais haitahojiwa katika mahakama yoyote. Katiba tulikuwa nayo. Rais tulimchagua wenyewe. Mtu wa kumuuliza hakuwepo. Katiba ya Muda ya 1965 ikaleta chama kimoja, na hii ya 1977 tunayoitumia ilizaliwa bado haina haki zinazodaiwa mahakamani.

Haki hizo ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984, na hata hapo Serikali ilijipa miaka mitatu ya kujiandaa, hadi Machi 1988, ndipo raia aanze kuzidai.

Miezi mitano tu baadaye, mkoani kwetu, wilayani Muleba, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba. Alilirithi kwa baba yake kwa wosia. Mwezi Agosti 1988 akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akitaka mauzo yafutwe. Sheria ilikuwa upande wake. Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilisema mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuitumia maisha yake yote, lakini hana ruhusa ya kuiuza. Mwanamume aliruhusiwa. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi Ephrahim, Mahakama ya Wilaya ikautengua uamuzi huo, naye Ephrahim akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Jaji Mwalusanya alitoa hukumu Februari 1990. Aliifungua Katiba, ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, akasema mila hiyo imepitwa na Katiba: mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Mauzo yakabaki halali. Kinachonivutia ni kwamba hakuutupa ukoo nje. Mwanaukoo aliye tayari kumrudishia mnunuzi fedha zake bado aliweza kulikomboa shamba. Na mtazame vizuri: Holaria hakwenda mahakamani kutetea Katiba. Alishtakiwa, na Katiba ikamkinga.

Mnadhani mambo haya ni ya Mwanza na Dodoma? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti aweza kuwa mtu mwema kabisa, na mwekezaji aweza kuwa na nia njema. Sheria haiangalii wema wao. Inauliza: mkutano uliitishwa? Wananchi waliridhia? Muhtasari uko wapi? Mwanakijiji anayeomba kuuona muhtasari huo anafanya sheria ya katiba, hata kama wenzake watamwona mkorofi.

Wenye mamlaka hawapendi maswali, nao hujifunza kuyakwepa. Zamani raia alilazimika kuomba ridhaa ya Serikali ndipo aishtaki Serikali yenyewe; Mahakama ya Rufani ililifuta sharti hilo mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Mwaka 2020 Bunge likaja na sharti jingine: anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwa kiapo jinsi jambo hilo lilivyomwathiri yeye mwenyewe. Waliolitetea walisema linazuia kesi za kutafuta umaarufu. Mimi niliona ni baya. Mjane asiye na nauli ya kufika Bukoba, achilia mbali ada ya wakili, alikuwa akimtegemea mtu mwingine aende kwa niaba yake, na huyo ndiye aliyeanza kuulizwa kwanza: wewe limekuumiza wapi?