Waridi Ndani ya Mkebe: Kukumbuka Kijiji Bila Kupanda Chuki

  

Mazungumzo ya leo ni juu ya vitu viwili vinavyoonekana vidogo: ua la waridi linaloota ndani ya mkebe, na kumbukumbu za wanyama tuliowafuga kijijini. Vitu hivi vinaweza kujenga amani, na kimoja kati yao kinaweza pia kuibomoa. Kwa hiyo tusikilizane.

Wanyama tuliowaacha

Kaa jioni pamoja na watu waliohama. Wakimaliza habari za chakula na za maji, mazungumzo yanageukia wanyama. Mtu wa Masisi atakuambia juu ya milima ya majani mafupi, na ng'ombe waliopanda kilima asubuhi wakati ukungu ungali bondeni, na maziwa yaliyotengenezwa fromaji ya mviringo, ikauzwa Goma na ikafika mpaka Kinshasa. Mtu wa Kabare ao Walungu atasema juu ya ng'ombe mmoja ao wawili tu, waliolala karibu na nyumba, na mbolea yao ikailisha migomba. Mtu wa Lubero atakumbuka mbuzi waliofungwa kamba kando ya njia. Mtu wa milima ya Minembwe atakutajia ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, na rangi zao. Na mtoto atakuambia juu ya simbilisi, wale ambao kwa Kifaransa wanaitwa kobayi: namna walivyokimbia chini ya mafiga, na namna walivyolia kwa sauti nyembamba walipomsikia mtu akirudi na majani.

Si ajabu kwamba tunawakumbuka. Mnyama kwetu hakuwa nyama tu. Ng'ombe alikuwa mahari na heshima. Mbuzi aliuzwa mwezi wa tisa ili mtoto aingie shuleni. Kuku alimpokea mgeni. Mbolea ilikuwa chakula cha shamba. Anayempoteza mnyama wake amepoteza benki yake, na pia amepoteza kazi iliyomwamsha asubuhi. Ndiyo maana baba wengi, wakifika kambini, wanakaa tu mikono juu ya magoti.

Kumbukumbu ina milango miwili

Sasa tufike penye shida. Baba anawaambia watoto wake: «Tulikuwa na ng'ombe kumi na wawili.» Mtoto anauliza: «Wako wapi, baba?» Ndugu zangu, jibu la ulizo hilo ni kubwa kuliko hotuba zote za wakubwa.

Baba akijibu, «Watu wa kabila fulani waliwala,» amempa mtoto adui bila kumrudishia ng'ombe hata mmoja. Tukumbuke mwaka 1993. Mapigano yalianza Walikale, yakaingia Masisi. Watu wengi walikufa, wengi wakakimbia, na katika miaka iliyofuata makundi makubwa ya ng'ombe yaliibwa na kuchinjwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka ule, mwaka 2003 alikuwa na miaka 18. Kwa miaka 10 hiyo alisikia nini jioni, kando ya moto? Kama alisikia majina ya makabila tu, aliyekuja kumpa bunduki alikuta kazi imekwisha kufanywa.

Hatusemi mfiche ukweli. Hatusemi msahau. Mwizi ana jina lake na ana wenzake; kabila nzima haiwezi kuiba ng'ombe mmoja. Kati yenu wako wanaomjua jirani wa kabila lingine aliyeficha mbuzi wao, ao aliyewafungulia mlango usiku. Huyo naye ni sehemu ya ukweli. Ukimtaja mwizi na kumnyamazia huyo, umesema nusu ya habari.

Tena kuna jambo ambalo tunasahau kuwaambia watoto: wanyama walitufunga pamoja. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote pahali pamoja. Alimpa rafiki mmoja kwenye kilima cha pili, na mwingine ng'ambo ya mto. Rafiki alikunywa maziwa na kuchukua mbolea; ndama walipozaliwa, waligawana kwa mapatano yao. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja, ao wezi wakija usiku, si wote walioisha. Baada ya mavuno, mkulima alimwachia mchungaji mabua ya mahindi, na mchungaji alimwachia mkulima mbolea. Ugomvi haukukosekana. Ng'ombe waliingia shambani, watu wakatukanana. Lakini wazee walikwenda kuangalia, wakahesabu mistari iliyoliwa, wakaamua malipo, na wote wawili wakakubali mbele ya mashahidi. Waambieni watoto habari hizo pia, kwa sababu watazihitaji siku ya kurudi.

Habari ya waridi lililoungua

Pengine mtu anauliza: na waridi linaingia hapa namna gani? Kuna aina ya mwaridi mdogo sana. Wengi kwetu wanaita roza ndogo. Mti wake kwa kawaida hauzidi sentimita 45, na mingine haifiki hata 20. Majani na maua yake ni madogo pia. Unaishi vizuri ndani ya chungu ao mkebe, kwa hiyo hata mtu asiye na lupango anaweza kuwa nao.

Inasimuliwa kwamba katika inchi ya Uswisi, miaka kama 100 iliyopita, wanakijiji wa Mauborget, kijiji cha mlimani, walikuwa wakipanda mwaridi wa namna hiyo katika vyungu kwenye madirisha yao. Mwanajeshi mmoja, jina lake Roulet, aliuona, akamwambia rafiki yake Henri Correvon, mtu aliyejua mimea sana. Lakini Correvon alipoutafuta, kijiji kilikuwa kimeshika moto, na miwaridi yote ilikuwa imeungua. Ilionekana kama habari imeisha. Ndipo mmoja ukapatikana katika kijiji cha jirani, Onnens, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiutunza. Correvon alikata vipande, akavipanda, akauita Rosa rouletii kwa heshima ya rafiki yake. Kutokana na mti huo wataalamu walipata aina nyingi za waridi dogo zinazopandwa leo duniani.

Ndugu wasikilizaji, ua lile liliokoka kwa sababu halikuwa katika nyumba za kijiji kimoja tu. Je, si ndiyo hekima ileile ya baba zetu, walioweka ng'ombe mmoja kwa rafiki ng'ambo ya mto? Ulichompa jirani kinakuwa akiba yako. Ulichojifungia peke yako kinaweza kuungua chote siku moja.

Namna ya kupanda

Tafuta mtu mwenye mwaridi mdogo, uombe kipande. Chagua tawi ambalo limemaliza kuchanua, si laini sana wala si gumu kama kuni. Kata urefu wa kidole kirefu, sentimita 8 mpaka 10, chini kidogo ya pingili, yaani pahali jani linapotokea. Ondoa majani ya chini, acha majani mawili juu.

Chukua mkebe wa mafuta ao wa maziwa, utoboe matundu chini ili maji yasikae. Changanya udongo na mchanga kidogo, na mbolea ya mbuzi ao ya simbilisi iliyokwisha kuoza na kukauka. Mbolea mbichi inaunguza mizizi. Chomeka kipande mpaka nusu yake, mwagilia, kisha funika na chupa ya plastiki iliyokatwa chini, ili unyevu usipotee. Weka kivulini penye mwanga. Baada ya majuma 4 mpaka 6, ukiona majani mapya, mizizi imeshika. Ondoa chupa, na polepole uzoeze mti jua, mpaka upate jua la saa 6 hivi kwa siku.

Usitumie maji ya kunywa. Maji yaliyooshea mboga yanatosha. Maua yakikauka, yakate, na mengine yatakuja. Katika milima yetu ya Kivu hakuna majira ya baridi kali kama ya Ulaya, kwa hiyo mwaridi unaotunzwa unachanua mara nyingi kwa mwaka.

Mama mmoja anaweza kusema: «Tumbo lina njaa, maua ni ya nini?» Mama ana haki kuuliza hivyo. Lengalenga na vitunguu vitangulie katika mifuko na mikebe, na waridi lifuate. Lakini mtu aliyenyang'anywa kila kitu anahitaji pia kitu kimoja kilicho hai kinachomngoja asubuhi. Mpe kazi hiyo mzee anayekaa kimya, ao mtoto anayeamka usiku akilia. Mti ukishika, ukate vipande viwili: kimoja kwa familia inayowapokea, kingine kwa mtu wa kabila ambalo unaliogopa. Hamna haja ya hotuba. Mwambie tu: «Jirani, huu unapenda jua.» Kesho atakuuliza kwa nini majani yanageuka manjano, na kesho kutwa mtakuwa mnazungumza.

Penye nafasi na ruhusa, fanyeni vilevile na simbilisi. Anabeba mimba miezi miwili na siku chache, anazaa watoto wawili mpaka wanne kwa kawaida, anakula majani mabichi na majani ya viazi vitamu, na hahitaji zizi kubwa. Familia ya kwanza ipewe majike wawili na dume mmoja; watoto wakikua, irudishe hesabu ileile kwa familia ya pili. Kikundi kiwe na wenyeji na waliohama pamoja, ili asiwepo wa kusema, «Wao wanapewa, sisi tunaangalia.»

Neno kwa mabwana shefu na wazee

Kwenu viongozi tunaomba mambo matatu. La kwanza, onyesheni kipande cha udongo ambapo familia zilizohama zinaweza kupanda mboga na maua, na mapatano yafanywe wazi na mwenye udongo, kwa muda unaojulikana. Ugomvi mwingi unatoka katika ruhusa ya mdomo iliyosahauliwa.

La pili, fungueni daftari. Kila familia iandike ilichoacha: wanyama wangapi, wa rangi gani, shamba linaanzia wapi na linaishia wapi, nani ni shahidi. Mashahidi wasiwe wa kabila moja tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya inchi yao zinasema kwamba mali waliyoiacha inapaswa kulindwa isiharibiwe wala kuchukuliwa bila haki. Daftari si la kulipiza kisasi. Mtu anayejua kwamba dai lake limeandikwa hana haraka ya kuchukua panga.

La tatu, msingoje siku ya kurudi. Wachungaji wa ng'ombe na wakulima wakae sasa, mahali walipo, wapatane juu ya njia za ng'ombe, mahali pa kunywesha, na siku za kuingia mashambani baada ya mavuno. Tembo wakipigana, majani ndiyo yanayoumia. Basi sisi tulio majani tuwe na baraza letu.

Wasikilizaji wapenzi, waridi halitamrudisha ng'ombe aliyechinjwa. Hatuwadanganyi. Lakini mtoto anayemwona baba yake akimpa jirani kipande cha mti amejifunza kitu ambacho bunduki haimfundishi. Siku njia itakapofunguka, wengine watabeba mkebe ule mpaka nyumbani. Na ukivunjika njiani, wataujua mlango wa kwenda kuomba kipande kingine.

 Amani ikae kwenu.

Maulizo ya kuzungumzia katika vikundi vya wasikilizaji

1. Mtoto akiuliza wanyama wetu wako wapi, tunamjibu nini? Tumjibu namna gani ili tuseme ukweli wote?

2. Katika kijiji chetu, nani alimfugia mwingine mnyama? Waligawana namna gani?

3. Wazee wetu walimaliza namna gani ugomvi wa mnyama aliyeingia shambani? Ni kitu gani cha desturi hiyo tunaweza kurudishia nguvu leo?

4. Ni nani, nje ya jamaa yetu, tunayeweza kumpa kipande cha kwanza?