Mtungi wa Maji Mlangoni: Hotuba kwa Wafanya Kazi wa Kesses



Leo nitasema juu ya usafi mahali pa kazi, na jinsi ya kujitayarisha kabla maradhi ya kuenea hayajafika.

Maradhi hayo hayabishi hodi. Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa njia ya reli. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Siku 2 baadaye shule na vyuo viliamriwa kufungwa. Wanafunzi wakarudi makwao, na wenye kuishi kwa kuwauzia chakula na kuwapangisha vyumba wakakosa riziki.

Wakati ule mitungi ya maji na sabuni iliwekwa milangoni. Je, mtungi wa mlangoni pako ungali na maji?

Kirusi cha Korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Basi nawa kwa sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Nawa utokapo chooni, kabla ya kula na kabla ya kukamua ng'ombe. Pasipo na bomba, tundika kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia kwa mguu. Gharama yake ni ndogo mno.

Hali kadhalika, fungueni madirisha. Najua baridi ya Kesses, lakini maradhi ya pumzi hupenda chumba kilichofungwa. Afadhali kuvaa sweta.

Sasa neno kwa waajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yawataka muweke mahali pa kunawia. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini kibarua wa siku moja hana haki hiyo. Akikohoa asubuhi, atachagua nini: kulala nyumbani bila unga, au kuja ghalani kuwaambukiza wenzake? Mwajiri mwenye busara hulipa siku chache za mtu mmoja, asije akapoteza kazi ya wote wakati wa mavuno.

Mabibi na mabwana, matayarisho hufanywa siku za afya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkifika kazini kesho, utazameni kwanza ule mtungi. Ukiwa mtupu, ujazeni.