Kikombe cha Mti Kipakwe Nini?

Fungueni madaftari yenu. Neno letu la leo ni NTA. Lisomeni kwa sauti: n-ta, nta.

Siku moja nilinunua kikombe cha mti sokoni. Kilichongwa vizuri, tena kiling'aa sana. Nyumbani mwanangu akatiliwa uji wa moto ndani yake. Alipoonja akasema, "Baba, uji huu unanuka viatu." Nikaunusa, nikaona ni kweli. Kikombe kilikuwa kimepakwa dawa ya viatu! Uji tukaumwaga.

Mchongaji hakutaka kutudhuru. Dawa ya viatu hung'arisha kinyago, na kinyago hakinywewi. Lakini kikombe huenda mdomoni. Basi wewe fundi, kabla ya kupaka kitu, jiulize: Je, kitu hiki huliwa?

Usipake rangi ya nyumba, wala oili chafu ya gari. Rangi nyingine zina madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mafuta ya linsidi ya dukani yaitwayo "yaliyochemshwa" mara nyingi yametiwa dawa ya kuyakausha upesi. Mafuta ya nazi na ya karanga huliwa, lakini hayakauki. Hukaa ndani ya mti, yakachacha.

Nta safi ya nyuki inafaa. Fanya hivi:

1. Sugua kikombe kikavu kwa msasa, ndani na nje. Futa vumbi.
2. Tia nta katika kopo. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiyeyushe juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka.
3. Weka kikombe juani kipate joto. Mimina nta ndani, kizungushe, kisha mwaga inayobaki. Nje paka kwa kitambaa.
4. Kikipoa, kijaze maji usiku kucha. Kisipovuja, ki tayari.

Sikilizeni sana neno hili. Nta huyeyuka kwenye joto la digrii 62 hivi za sentigredi. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi hupita joto hilo. Kwa hiyo kikombe cha nta ni cha maji, maziwa na togwa baridi. Mwambie mnunuzi hivyo kabla hajatoa fedha yake. Ukimficha, atarudi, lakini hatarudi kununua.

Maswali ya darasani:
Kwa nini dawa ya viatu haifai kikombe?
Kwa nini tusitie chai ya moto katika kikombe cha nta?